Viatu vya kupandia Kilimanjaro ukiwa Mtwara: kipi ununue, kipi ukodi, kipi uache

Hela ya korosho ikishaingia, huku kwetu hawakosekani watu wanaosema mwaka huu lazima nifike Kilimanjaro. Nafurahi kila ninapowasikia. Mlima ni wetu, raia akionyesha kitambulisho cha taifa analipa kiingilio kwa shilingi tena kidogo sana kuliko mgeni, na mabasi ya Dar yapo kila siku, ukifika unaunganisha la Moshi. Ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini zinakwenda. Shida inaanzia kwenye manunuzi. Mtu anauliza anunue nini, anatajiwa vitu chungu nzima, mwisho anamaliza pesa kwenye koti na kupanda na raba alizokuwa nazo.

Msimamo wangu ni huu: nyumbani nunua viatu na soksi. Vingine vyote kodi Moshi. Koti zito, mfuko wa kulalia, fimbo, suruali ya mvua, vyote vinakodishwa pale mjini, na vinakukaa sawasawa siku ya kwanza kama siku ya tano. Kiatu hakiko hivyo. Kiatu na mguu vinatakiwa vizoeane wiki kadhaa kabla hujaliona lango, na wiki hizo hakuna anayezikodisha.

Tazama mlima wenyewe unadai nini. Kwa njia ya Marangu, ambayo ndiyo wenzetu wengi huchagua kwa kuwa unalala kwenye vibanda badala ya hema, lango liko chini kidogo ya mita 1,900. Vituo vya kulala ni Mandara kama mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700, na kilele cha Uhuru ni 5,895. Hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Sisi tunaolala na feni Januari tunaenda kukutana na alfajiri ya nyuzi 10 chini ya sifuri, pengine zaidi. Kiatu kilekile kinapita matope na mizizi ya msituni siku ya kwanza, kinapita mawe na vumbi siku zinazofuata, halafu usiku wa kilele kinakanyaga changarawe inayoteleza, hatua moja mbele nusu nyuma. Na watu husahau kushuka. Ukitoka Uhuru unateremka mpaka Horombo siku hiyohiyo, zaidi ya mita 2,000. Vidole vinagonga mbele ya kiatu kila hatua. Kucha nyingi huharibika hapo, wala si kwenye kupanda.

Nafasi ya kwanza: buti la mlima la mtumba, lililokaguliwa

Ndiyo, mtumba. Nimeliweka juu ya jipya kwa makusudi. Buti zuri la mlima ni ghali likiwa jipya, na lile la mtumba la kampuni kama Meindl, Lowa, Scarpa, Salomon au Merrell huwa limeshatembea kidogo, ngozi imelainika, na bei ni ya kupatana. Huku pwani wanunuzi wake ni wachache, kwa hiyo usitegemee kulikuta limetundikwa mbele. Mara nyingi linachanganywa na buti za kazi chini ya meza. Ongea na muuzaji mapema, mwambie unataka buti la mlima linalofunika kifundo, mtajie namba yako na umwachie simu, ili siku belo likifunguliwa akuwekee. Ukipita Dar, soko la Karume lina chaguo kubwa zaidi. Soko la Memorial pale Moshi nalo lina nguo na viatu vya baridi kwa wingi, ila ukinunua kule unapanda na kiatu kigeni mguuni, na faida ya kununua mapema imeshapotea.

Sasa, ukaguzi. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo pesa inapookolewa au kupotea.

Soli ya buti la mlima ina tabaka mbili. Chini kabisa kuna raba ngumu yenye meno. Juu yake, kati ya raba na ngozi, kuna tabaka laini linalobeba uzito. Kwenye buti nyingi tabaka hilo ni poliurethani. Kitu hicho kinaharibiwa na unyevu wa hewani, taratibu, mwaka baada ya mwaka, hata kama kiatu hakijavaliwa. Joto na unyevu vinaharakisha uharibifu, na pwani ya Mtwara na Lindi tuna vyote viwili. Kwa hiyo buti linaweza kuwa limekaa kabatini Ulaya miaka kumi, likasafiri kwenye kontena, likakaa kibandani hapa, na kwa macho likaonekana jipya kabisa: ngozi inang'aa, meno ya soli hayajaisha. Siku ya pili mlimani soli inabanduka nzima.

Basi likikujia mkononi usianze na ngozi. Muuzaji atasema, "Kaka, hii haijavaliwa hata siku moja." Mjibu kwa heshima, "Sawa bosi, ngoja niikunje kwanza." Shika mbele na nyuma, likunje kwa nguvu mara kadhaa huku sikio liko karibu. Ukisikia mlio wa kukatika, rudisha. Geuza upande, tazama lile tabaka la kati kwenye mwanga wa jua: nyufa nyembamba zinazofanana na za tope lililokauka ni dalili mbaya. Bonyeza kwa ukucha. Likiwa zima linabonyea na kurudi. Likiwa limekufa linabaki na alama, linanata, au unga unadondoka. Unga ukidondoka hakuna mjadala wa bei, hata upewe bure. Usidanganywe kwamba fundi viatu atapiga gundi na kushona pembeni. Fundi anaweza kuokoa soli iliyobanduka kwa gundi kuisha. Tabaka lililooza hana pa kushikiza uzi.

Ndiyo maana kati ya buti lenye mikwaruzo ambalo soli yake iko hai na lile linalong'aa ambalo limekaa tu, mimi nachukua la mikwaruzo.

Baada ya hapo ingiza mkono ndani. Kitambaa cha kisigino kikiwa kimetoboka kitakutoa malengelenge. Kagua vishikizo vya kamba, vyote viwepo. Namba isiwe ile unayovaa ofisini. Ongeza nusu au moja. Vaa na soksi nene, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kisha angalia kama kidole kimoja cha mkono kinaingia nyuma ya kisigino. Kikiingia bila kulazimisha, saizi ni hiyo. Jaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za siku, na tafuta ngazi au mteremko ushuke. Kisigino kisipande juu, vidole visigonge mbele. Akina dada, msikubali buti la kiume eti "ni namba hiyohiyo". La kiume mara nyingi ni pana, na upana huo ndio unaosugua kisigino.

Nafasi ya pili: buti jipya kutoka Dar

Kama mfuko unaruhusu na una duka unaloliamini, hili ni zuri na soli yake huna wasiwasi nayo. Limeshuka nafasi moja kwa sababu ya bei, na kwa sababu bandia ni nyingi. Nembo tu isikushawishi. Bandia utaitambua kwa gundi iliyomwagika pembeni, meno ya soli yaliyo laini yanayokunjika kwa kidole, na ulimi wa kiatu ulioshonwa chini tu, wakati buti halisi la mlima ulimi wake umeunganishwa na pande zote mbili ili maji na changarawe visiingie. Jipya linataka muda mrefu zaidi wa kulizoea, hasa la ngozi.

Nafasi ya tatu: kukodi Moshi

Linafaa kwa aliyepata safari ghafla. Fika mapema siku moja kabla, nenda na soksi zako, jaribu jozi nyingi bila aibu, na vipimo vya soli nilivyoeleza fanya hapohapo dukani. Buti la kukodi limeshachukua umbo la miguu ya watu wengine, na hilo ndilo linaloliweka nyuma.

Nafasi ya nne: raba za mazoezi

Kwa matembezi ya siku moja mpaka Mandara na kurudi, raba yenye meno inatosha. Hata Horombo wakati wa kiangazi mtu hufika nayo bila shida. Usiku wa kilele, hapana. Kitambaa chake kinapitisha upepo na changarawe zinaingia, na vidole vikishakufa ganzi saa nane usiku hakuna cha kuvirudisha isipokuwa kugeuza.

Ya mwisho: buti za kazini

Najua zimejaa mjini kwetu. Bandarini, kiwanda cha saruji cha Dangote, mitambo ya gesi ya Madimba, karibu kila nyumba kuna jozi. Ni imara, ndiyo, kwa kazi yake. Lakini zile zenye chuma mbele ni nzito, hazikunjiki vizuri, na chuma hakizuii baridi kufika vidoleni. Tena kwenye kushuka kidole kinagonga chuma maelfu ya mara. Ziache kazini.

Na kwenye mitumba ukikutana na buti au koti la mabaka ya jeshi, hata liwe la joto namna gani, pita. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na mlimani kuna askari wa hifadhi.

Soksi

Ukibakiwa na hela kidogo baada ya kiatu, itie hapa. Soksi za pamba zinanyonya jasho na kubaki mbichi, na mguu mbichi unapata malengelenge mchana na baridi usiku. Tafuta za sufu au za mchanganyiko wa sufu, jozi mbili nene angalau, moja ukiiweka kavu kwa ajili ya usiku wa kilele tu. Ndani yake vaa soksi nyembamba ya nailoni, msuguano unakwenda kati ya soksi na soksi badala ya kwenye ngozi. Za sufu ni nadra huku, lakini kwenye belo la nguo za watoto na za baridi huwa zinajificha, tena kwa bei ndogo.

Ukishanunua

Kalenda ya korosho inatupendelea. Minada huanza Oktoba, pesa ikifika Novemba au Desemba unanunua kiatu, na Januari mpaka mwanzoni mwa Machi Kilimanjaro iko kwenye kipindi chake kikavu. Watu wengi wa huku wanaogopa miezi hiyo kwa kuwa kwetu ndiyo mvua zinanyesha. Kule mvua kubwa ni Machi mpaka Mei. Hizo mvua zetu zitumie: tembea nazo na buti mguuni, utajua kama linavuja ukiwa bado karibu na muuzaji. Asiyewahi msimu huo ana kipindi kingine, Juni mpaka Oktoba.

Anza kwa kulivaa ndani ya nyumba, kisha sokoni, kisha panda kilima cha nyuma ya Boma ya Mikindani. Likishatulia, nenda Newala. Ule ukingo wa nyanda za juu za Makonde, upande wa Shimo la Mungu, unakupa mteremko wa kweli, na mteremko ndio mtihani. Wa Lindi wana nyanda za juu za Rondo. Mchanga mkavu wa ufukweni nao unazoesha misuli kwa changarawe ya Kibo, ila maji ya chumvi yasiguse ngozi. Likilowa lianike kivulini, jaza magazeti ndani, usiliweke juani wala karibu na jiko, gundi italegea. Mahali panapouma leo patauma zaidi kwenye mita 4,000, kwa hiyo ukiona pekundu kwenye kisigino baada ya saa mbili za kutembea, badilisha soksi au kiatu sasa, Mtwara, wakati nafasi ipo.

Siku ya safari mabuti usiyatie kwenye begi la chini ya basi. Yavae au yabebe ulipokaa. Koti likipotea njiani utakodi jingine Moshi. Na chukua kamba za ziada, maana za mtumba hukatika.