Slack kwa ofisi ndogo: uzoefu wangu

Sisi ni wahariri na wasanifu wachache, wengine Dar, wengine Arusha, na kwa muda mrefu kazi zetu zote zilipita kwenye grupu la WhatsApp. Michango ya harusi, ankara ya mteja na rasimu ya bango, vyote humo humo. Slack, programu ya mawasiliano ya kazini, tuliipendea chaneli, yaani vyumba vya mazungumzo: kila mteja na ya kwake, asiyehusika haingii.

Ninachokisifu zaidi lakini ni nyuzi, zilizoongezwa mwaka 2017. Mtu akiuliza rangi ya nembo, mjadala wote unakaa chini ya swali lake, na wanaobishania bei wanaendelea kwingine bila kugongana. Anayerudi kutoka likizo anasoma uzi mmoja anajua kazi imefikia wapi. Arifa nazo unazizima usiku (bosi wetu naye amezoea sasa).

Kabla hujahamia, soma masharti ya kifurushi cha bure. Zamani kilikuwa kinaonyesha meseji 10,000 za mwisho. Tangu Septemba 2022 unaona za siku 90 tu, na tangu 2024 zikipita mwaka mmoja zinafutwa kabisa. Kupigiana simu ndani ya Slack ni kwa watu wawili tu; mkikutana wengi mtahitaji kitu kama Google Meet. Ukitaka zaidi unalipa kwa kila mtumiaji, kila mwezi, kwa dola. Kwa ofisi inayolipwa kwa shilingi, tena kwa kuchelewa, hesabu hiyo inauma.

Chombo chenyewe kinazidi kunenepa. Kilizaliwa ndani ya kampuni iliyokuwa ikitengeneza gemu, wakakihitaji ili wasikilizane wao kwa wao. Mwaka 2021 Salesforce, kampuni kubwa ya programu za biashara, ikakinunua kwa takriban dola bilioni 27.7, na tangu hapo zimeingia kurasa za kuandikia, orodha za kazi, na akili mnemba ya kukufupishia mazungumzo. Kwa kampuni ya watu mia tano naona maana yake. Kwetu sisi, mjadala wa nembo ukihitaji kufupishwa na mashine, ujue tumeongea mno.

Kama mko watatu na mnakaa chumba kimoja, bakini WhatsApp. Sisi tumebaki kwenye kifurushi cha bure. Mikataba na kazi zilizokamilika tunazihamishia Google Drive kila mwisho wa mwezi, na zamu hiyo hakuna anayeipenda.