Nimelipia bustani ya manispaa, choo nikaambiwa kinajitegemea

Jamani mimi sio mtu wa kuandika andika mitandaoni, hiyo kazi namwachiaga mume wangu, ila hili limenikaa rohoni muda sasa na leo nalitoa.

Nilikodi bustani ya manispaa yetu kwa ajili ya bethdei ya mwanangu wa mwisho, anatimiza minne. Ilikuwa kwenye likizo ile ya katikati ya mwaka, wa sita kuishia au wa saba umeingia, najua tu vumbi lilikuwa balaa na ukoka ushaanza kukauka. Kwenye kulipia sina neno, nisiwe mnafiki. Unaenda ofisini unajaza fomu, wanakutolea kontroo namba, unalipa kwa simu, meseji inaingia hapo hapo. Nikasema haa, kumbe siku hizi mambo yako hivi!

Siku yenyewe sasa. Watoto kama ishirini, niliowaalika mimi na waliojialika, mnajua watoto wakisikia keki. Juisi zimenyweka kweli kweli. Haijapita nusu saa kale katoto ka dada yangu kakaja kamejibana kashika gauni, "mamdogo, mkojo." Nikamshika mkono mbio chooni. Kufuli. Na sio kakufuli ka begi, lile kubwa la kufungia kontena. Nikazunguka upande wa wanaume nikakuta pacha wake. Na pembeni kuna kibao kimeandikwa CHOO SH 300 na mshale, mshale wenyewe unaelekeza kwenye kufuli.

Wavulana haikuwa shida, waliishia nyuma ya mijohoro, mtanisamehe wapenda mazingira. Wasichana nikawa nawazungushia kitenge nyuma ya gari mmoja mmoja. Lakini mama mkwe wangu alikuwepo, na ana sukari, yule kila baada ya muda mfupi lazima aende. Namwona tu kwenye kiti anakunja kanga anakunjua, anakunja anakunjua, hasemi kitu, sasa mkwe atakwambiaje jambo kama hilo mbele za watu? Nilivyoelewa nikamwitia bajaji akarudi nyumbani, keki hata haijakatwa. Bibi wa mtoto hayupo kwenye picha hata moja. Hiyo ndo inaniuma, mengine yote ningesamehe.

Jumatatu nikaenda ofisini. Nimemkuta kijana mmoja, mdogo kwangu kabisa, hata shikamoo hakunipa na mimi nikameza, nikamsalimia habari za kazi, akaitikia huku macho yako kwenye simu. Nikamweleza nikamwonyesha na risiti. Akaiangalia, akanirudishia, akasema, "Mama, wewe umelipia eneo. Choo kinajitegemea."

Kinajitegemea! Kama kijana aliyehama kwao kapanga chumba.

Maelezo yake ni kwamba choo hakiko chini ya watu wa bustani, kina mzabuni wake, yeye ndo anakusanya zile mia tatu tatu na mashine, na mkataba wake unaisha na mwaka wa fedha, tarehe 30 Juni. Mwingine hajapatikana, mchakato uko NeST. Nikamuuliza NeST ndo nani, akacheka. Baadaye nimeuliza mjomba wangu aliyestaafu serikalini, akaniambia ni mfumo wa manunuzi, ulianza 2023 ukachukua nafasi ya ule wa TANePS, tenda zinapitia humo ili watu wasigawane chini ya meza. Sawa, jambo zuri, sipingi. Ila mkojo haujui mchakato.

Nikamwambia basi kaka si mngefungua tu kwa muda, mkaweka mtu. Jibu lake ndo lilinimaliza: "Tukifungua bila mzabuni, mapato anakusanya nani?" Yani wao kile sio choo. Ni chanzo cha mapato chenye masinki ndani. Kisipoingiza hela hakina sababu ya kufunguliwa, wenye vibofu mtajijua. Na wakati nageuka kutoka akanisindikiza na, "Si ungefanyia nyumbani kwako." Mpaka leo sijajua alimaanisha bethdei au haja.

Nilitaka nimuulize na ule mtaro wa mbele uliojaa chupa, nikanyamaza, maana hapo angenijibu vizuri, toka TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, ianze 2017 barabara za mjini na mitaro yake haziko tena kwa halmashauri. Ila choo kiko kwao. Kufuli ni lao.

Na msije hapa kuniambia hatuna uwezo. Nimekaa Forodhani kule Zanzibar jioni nzima na wanangu, tumekula urojo, watoto wamekimbia mpaka wamechoka, hakuna aliyenifungia kitu. Najua mtasema ile ilikarabatiwa kwa hela ya Aga Khan ikafunguliwa upya 2009. Haya, kuzungusha ufunguo nako mpaka aje Aga Khan?

Kwa hiyo nilishapanga kuipa bustani nyota sifuri. Tatizo langu ni mzee.

Pale bustanini kuna mzee mmoja mtunza bustani. Siku ile ile, mikono ya watoto imejaa krimu ya keki, nimeenda bombani nikakuta limebaki dude la chuma tu, koki hakuna. Nikaanza kulaani upya. Mzee akaja, nikampa shikamoo, marahaba mwanangu, akaingiza mkono mfukoni akatoa kitambaa, akakikunjua, ndani kuna koki. Akaifunga kwa plaizi, maji yakatoka mengi tu. Akasema wameshaiba tatu, hiyo ya nne kanunua kwa hela yake na anatembea nayo. Boza la kumwagilia likija linakuja mara moja kwa wiki, siku nyingine ni yeye na ndoo. Na ukiangalia unaona kabisa, kutoka bombani ukoka ni wa kijani kuja hivi, kijani, kijani, halafu unaishia pale mzee anapochokea. Mwarobaini tuliokaa chini yake kaupanda yeye. Na ni kibarua wa kutwa, hela yenyewe mpaka akumbushie. Aliwasubiri watoto wote ishirini wakanawa, ndo akafungua koki yake akaikunja kwenye kitambaa.

Basi nikasema nyota nne, kwa ajili ya mzee. Halafu nikifika nyumbani nikiwaza nachukia tena. Bomba la umma linaishi kwenye suruali ya mtu! Siku akiumwa malaria mji mzima haunawi?

Kisa hakijaisha. Baadaye kidogo Mwenge wa Uhuru ulikuja kwetu. We! Mawe yakapakwa chokaa, mijohoro ikapakwa chokaa, nadhani mtu angesinzia pale naye angepakwa. Bomba likapata koki mpya, mzee akavalishwa rifleksi. Na choo WAZI, milango yote miwili, ndani maji, sabuni ya maji, mpaka karatasi. Bila mzabuni, bila mashine, bila NeST. Nilimpeleka mwanangu makusudi akojoe pale, hata hakuwa na mkojo masikini, nikamwambia jitahidi tu baba.

Siku ya tatu nimepita, kufuli. Koki mpya haipo. Mzee yuko na ndoo yake, rifleksi nayo sikuiona, sikumuuliza.

Nyota mbili. Zote ni za mzee, ofisi wasizichukue. Kukodi kodini, pazuri, kivuli kipo, ila wakwe waacheni nyumbani, na mbebe kitenge.

Jana nimepita tena na daladala. Kufuli ni lile lile, ila kibao wamekipaka rangi upya: CHOO SH 500.