Mashine ya kuzungusha kwa mkono ya kukatia majani: angalia kisu kwanza, rangi baadae

Hii mashine mi naipenda na nitasema wazi kwa nini, afu nitasema pia pale inaponitia hofu, maana kwa mfugaji mwenye mifugo michache ni kifaa kizuri sana ila watu wengi wanakinunua kwa kuangalia vitu ambavyo havina kazi yoyote, wanaangalia rangi inavyong'aa, wanainyanyua upande mmoja waone uzito, wanazungusha gurudumu likiwa tupu wanafurahi linavyoteleza, wanalipa wanaondoka. Hakuna aliyeinama kuangalia kisu kinapita umbali gani na bamba. Na kazi yote iko hapo hapo, kwenye ule upenyo mwembamba kati ya kisu na lile bamba la chuma la mdomoni, mengine yote yanakuja baada ya hapo.

Ninayoizungumzia ni ile ya gurudumu moja kubwa zito lenye visu viwili vilivyopinda, vimefungwa kwa boliti kwenye mikono ya gurudumu, na mpini umekaa huko huko kwenye gurudumu. Nyuma kuna kihori kirefu cha kulazia majani. Kihori kinaishia kwenye roli mbili za meno, moja juu moja chini, zinazungushwa na gia kutoka kwenye shafti ya gurudumu lenyewe, kwa hiyo ukizungusha mpini roli zinavuta majani kidogo, kisu kinapita kinakata kilichotokeza, roli zinavuta tena, kisu cha pili kinakata. Roli ya juu imebanwa na springi ili ukilisha fungu nene inapanda na ukilisha jembamba inashuka yenyewe. Hamna mota, hamna umeme, hamna dizeli. Mashine za aina hii zimeanza kutengenezwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 na mpaka leo ukiiangalia unaona wazo ni lile lile, na mi naona halijabadilika kwa sababu linafanya kazi.

Kitu cha kwanza utakachokiona ukitoka kwenye panga na gogo ni usawa wa vipande. Panga linakupa kipande kirefu, kifupi, kingine kimepondwa tu hakijakatika, na mnyama sio mjinga, anachagua majani laini anakuachia mabua, mabua anayakanyaga anayakojolea na hapo ushapoteza nusu ya jasho lako. Ukikata vipande vya sentimita 2 mpaka 4 vyote vinafanana, bua na jani vimechanganyika, hawezi tena kuchagua sana, anakula vyote. Kihori cha mnyama asubuhi unakikuta karibu kitupu. Kwangu hiyo ndo faida kubwa ya mashine, kubwa kuliko hata muda unaookoa, maana malisho ya kiangazi yanatafutwa kwa shida na kuyaona yamelala chini ya kwato inauma.

Sasa turudi kwenye kisu. Ukitaka kujua kama mashine imekaa sawa chukua karatasi ya kawaida, ishike mdomoni kwenye bamba, afu zungusha gurudumu pole pole kisu kipite, mikono yako ikiwa mbali na makali bila shaka. Karatasi ikikatika safi kutoka mwanzo wa mdomo mpaka mwisho, iko vizuri. Ikikunjwa na kuingia katikati ya kisu na bamba bila kukatika, hiyo mashine itakutesa, kwa sababu majani yatafanya vile vile, hayatakatika yatavutwa na kujibana kwenye upenyo, gurudumu litakuwa zito, utadhani wewe huna nguvu kumbe ni nafasi tu imezidi. Rudia kwa kisu cha pili, usidhani kimoja kikiwa sawa na mwenzake yuko sawa. Kwenye mashine nyingi kuna boliti ndogo za kusukuma kisu mbele au kukirudisha nyuma, unalegeza zile kubwa kidogo, unarekebisha ndogo, unakaza tena kubwa, unazungusha kwa mkono mzunguko mzima kuhakikisha kisu hakigusi bamba popote. Mashine isiyokuwa na hizo boliti za kurekebisha mi siishauri hata ikiwa ya bei rahisi, kisu kinaisha kidogo kila ukinoa na baada ya muda huna namna ya kukisogeza.

Kunoa nako kuna utaratibu wake. Kisu kina upande bapa na upande wenye mteremko, upande bapa ndo unaotazama bamba na huo hauguswi, unanoa ule wa mteremko tu, ukinoa pande zote mbili umejitengenezea upenyo mwenyewe na karatasi haitakatika tena hata ukirekebisha mpaka kesho. Tupa au jiwe la mkono linatosha. Grainda ya umeme inavutia kwa sababu ni haraka, lakini ukiona chuma kimegeuka bluu ujue ugumu wake umeshatoka hapo na makali hayatadumu, kwa hiyo kama lazima utumie grainda basi gusa kidogo, pumzika, chovya kwenye maji, gusa tena. Na visu vyote viwili vinolewe kwa pamoja, visipishane sana uzito, la sivyo gurudumu linaanza kupiga upande mmoja na beringi zinalia.

Kuhusu nguvu niseme ukweli bila kumuogopesha mtu wala kumdanganya. Mtu mzima mwenye afya akifanya kazi ya mikono kwa muda mrefu anatoa kama wati 75 hivi, sio zaidi sana, na gurudumu zito haliongezi nguvu yako hata kidogo, linaihifadhi tu ili kisu kikikutana na fungu gumu lisisimame ghafla. Ndo maana kuanza ni kuzito na baada ya mizunguko kadhaa inakuwa nyepesi, na ndo maana kusimama simama katikati kunachosha kuliko kuendelea taratibu. Kwa mizunguko 40 kwa dakika, visu viwili, kipande sentimita 2, unapitisha sentimita 160 za majani kila dakika, na kama mdomo umejaa vizuri hilo ni fungu la maana. Lakini piga hesabu ya upande wa pili pia. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anakula chakula kikavu karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12 hivi, na matete mabichi karibu asilimia 80 ni maji, kwa hiyo ukimlisha matete peke yake unazungumzia kilo 60 kila siku kwa huyo mmoja. Ng'ombe wawili watatu, au mbuzi na kondoo, au farasi, mashine ya mkono inakutosha na mkizungusha wawili kwa zamu, mmoja analisha mmoja anazungusha, kazi inaenda. Ng'ombe kumi hapana, hapo utaichukia mashine ambayo haina kosa, tafuta ya mota.

Urefu wa kipande unabadilishwa kwa gia, nyingine unahamisha kijiti pembeni, nyingine lazima ubadilishe gia yenyewe kwa spana na hizo zinachosha ila zinafanya kazi. Kuna wanaotoa kisu kimoja ili kipande kiwe kirefu mara mbili, na kweli kinakuwa, lakini gurudumu linabaki na uzito upande mmoja na mashine nzima inatikisika, mi sifanyi hivyo. Na tafadhali msishindane nani kakata vipande vidogo zaidi. Mnyama anayecheua anahitaji nyuzi ndefu kiasi ili atafune, akitafuna anatoa mate, na mate ndo yanayopunguza tindikali tumboni. Ukimkatia kama unga chakula kinapita haraka tumboni, hacheui ipasavyo na mafuta kwenye maziwa yanashuka. Kwa kulisha kawaida baki kwenye sentimita 2 mpaka 4. Kwa sileji, yaani majani mabichi yanayoshindiliwa na kufunikwa yachachuke, fupisha, 1 mpaka 3, kwa sababu hapo unataka yashindilike hewa itoke.

Kwa aina za majani, matete mabichi yanakatika kwa raha ila yakiwa machanga sana na mororo yanajizungushia kwenye roli, ukilisha fungu kavu katikati roli zinajisafisha. Mabua ya mahindi yaliyokauka ni kazi, lisha machache machache, yakitangulizwa upande wa shina yanashikwa vizuri na meno. Hei, yaani nyasi zilizokaushwa, na majani ya ngano ni mepesi kukata lakini vumbi lake ni baya, nyunyiza maji kidogo na funga kitambaa puani, vumbi la hei lenye ukungu linaharibu mapafu ya mtu na ya mnyama. Majani ya mpunga ndo yanayomaliza makali kuliko yote, yana silika nyingi, yaani ni kama unakata mchanga, kwa hiyo kama hayo ndo malisho yako makuu jiandae kunoa mara kwa mara na nunua jozi ya pili ya visu siku ile ile.

Kabla ya kulisha fungua fungu ukague. Waya wa kufungia hei na misumari sio tu vinapasua makali ya kisu, kipande cha waya kilichokatwa kinachanganyika na majani, ng'ombe anakimeza hajui, kinakaa kwenye tumbo la pili ambalo liko jirani kabisa na moyo na kinaweza kuchoma mpaka huko. Mnyama anakonda, mgongo unajikunja, anakufa na hujui kimempata nini. Sumaku moja ya bei ndogo kwenye kihori cha mashine ni kinga nzuri, mi naiona muhimu sawa na grisi.

Kuna kitu watu wanategemea kutoka kwenye hii mashine ambacho haina, wanadhani majani makavu yakikatwa yanakuwa chakula bora. Majani ya ngano au ya mpunga yana protini asilimia 3 mpaka 5 hivi kabla ya kukatwa na baada ya kukatwa ni hiyo hiyo. Mnyama atakula mengi zaidi na atapoteza kidogo, basi. Ukitaka yawe bora lazima uongeze kitu, mikunde, pumba, molasi, au uyatibu kwa yuria, kilo 4 za yuria iliyoyeyushwa vizuri kwenye maji kwa kila kilo 100 za majani makavu, unafunika hewa isitoke kwa wiki 3 hivi, na kabla ya kulisha unayaacha wazi harufu kali ipungue. Hayo ni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wakubwa tu, ndama wadogo hapana, farasi na punda hapana kabisa. Mashine inasaidia hapo kwa sababu vipande vifupi vinalowana sawasawa na vinashindilika.

Sasa hofu yangu. Hii mashine inakata vidole. Haina injini kwa hiyo watu wanaiona kama haina hatari, watoto wanaichezea, mmoja anazungusha mwingine anasukuma majani kwa kiganja, roli za meno zikishashika ncha ya kidole au mkono wa shati hazirudi nyuma, na gurudumu lile zito linaendelea kuzunguka hata aliyeshika mpini akiachia. Uingereza walifika mahali pa kutunga sheria maalumu ya ajali za mashine za kukatia majani mwaka 1897, ingawa ile ililenga zinazoendeshwa kwa injini na nguvu nyingine zisizo za mkono. Kaskazini mwa India, ambako mashine hizi ziko kwenye nyumba nyingi sana za wafugaji, watafiti wa chuo cha teknolojia cha IIT Delhi walifuatilia majeraha yake kijiji kwa kijiji, wakakuta watoto wengi wameumia, na mwaka 2004 wakaandika kuhusu marekebisho rahisi yanayoweza kufungwa kwenye mashine ambazo tayari watu wanazo, kinga ya visu, kinga ya gia, kufuli la gurudumu, na roli ya tahadhari inayogusa mkono kabla haujafika kwenye meno. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea hivyo vyote.

Kwa hiyo ukienda kununua, baada ya karatasi, angalia kama gurudumu lina pini au kufuli la kulisimamisha, na kama halina toboa tundu uweke mnyororo na kufuli ya mlango, kila ukimaliza kazi funga, ufunguo ondoka nao. Angalia kihori, kiwe kirefu kuliko mkono wako kuanzia bega, na juu karibu na roli kiwe na kifuniko ili mkono usifike hata ukiteleza. Majani ya mwisho yasukume kwa fimbo, sio kiganja. Ikiwa na rivasi ya roli ni bora zaidi, nyingine zina kijiti unachokisukuma roli zinarudi nyuma, na hicho kijiti kikaguliwe kifanye kazi kweli sio pambo.

Gurudumu lenyewe ligonge kwa spana taratibu usikilize, likitoa mlio wa kupasuka pasuka badala ya mlio mmoja mrefu linaweza kuwa na ufa. Shika ukingo wake ulitikise, likicheza cheza beringi zimeisha au shafti imekaa vibaya, na kwa mchezo huo karatasi ya kwanza inaweza kukatika na ya tano isikatike. Miguu ifungwe kwenye mbao nzito au zege, mashine inayohama hama ukizungusha inakula nguvu zako bure. Na visu, pima umbali kati ya tundu moja la boliti na jingine uandike mahali kabla hujaondoka dukani, kwa sababu vinauzwa vya vipimo tofauti tofauti na muuzaji akisema vyote vinaingia usimwamini, vingine tundu zinapishana milimita chache tu na hapo hakiingii.