TAHADHARI kwa wakulima wa ngano Uasin Gishu: DAP ya kwenye lori

Jamani mnaotayarisha mashamba, msinunue DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni, kwenye lori linalozunguka siku za soko huku Moiben. Mwaka jana nilichukua mifuko sita, kila mmoja shilingi 1,500 chini ya bei ya duka. Kijana alidai ni ya ruzuku iliyobaki ghalani. Hapo hapo ningeshtuka, maana ya ruzuku anapewa mkulima aliyesajiliwa, kwa ujumbe wa simu, na sakata la 2024 la mbolea feki sote tulilishuhudia. Risiti hakuna, na pesa zilienda kwa nambari yenye jina la mtu mwingine. Tamaa ilinifumba macho, sifichi.

Ngano iliota vizuri, na hilo ndilo linalopumbaza, kwa sababu mche mchanga hula akiba ya mbegu. Kufikia wiki ya nne ya jirani ilikuwa inatoa machipukizi. Yangu imedumaa, majani ya chini yameingia rangi ya zambarau. Nilimpigia muuzaji akanijibu, "Weka urea, itajirudi." Ananiuzia tena! Urea kirutubisho chake ni naitrojeni tu, asilimia 46. Kilichokosekana ni fosforasi, na hiyo haitembei udongoni. Lazima iwe karibu na mzizi tangu siku ya kupanda. Niliweka, majani yakawa kijani, machipukizi hayakuongezeka. Ekari iliyonipa magunia 15 mwaka juzi ilitoa sita.

Kiasi kidogo cha mbolea ile kilikuwa kimebaki ghalani. Nikakitia kwenye chupa ya maji nikatikisa: zaidi ya nusu ilituama chini kama vumbi la mawe, na hata kesho yake ilikuwa pale pale. Kumbuka DAP halisi nayo huacha tope kidogo, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa maji kuchafuka tu. Changanya punje chache na chokaa yenye unyevu: ya kweli itatoa harufu kali ya amonia, ile inayochoma pua. Yangu ilinuka udongo. Kwa urea, weka punje kwenye kijiko juu ya moto. Urea huyeyuka, chumvi hupasuka-pasuka, mchanga hukutazama tu. Fanyeni haya kabla ya mbegu kuingia shambani.

Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye mfuko nayo isikutulize. Andika SM# na nambari ya kibali, tuma kwa 20023. Mimi nilijibiwa jina la bidhaa nyingine kabisa.

Mkiwa mmeshanunua, msitupe mfuko wala mabaki. Mpelekee afisa wa kilimo wa wadi. Lori ni jeupe, turubai la bluu, mifuko imeshonwa mdomoni kwa mkono, uzi mweusi. Juzi lilionekana likielekea Ziwa.