TAHADHARI: Stata kuukuu zinapakwa rangi na kuuzwa kama mpya

Wenye Royal Enfield Bullet, Classic na pikipiki nyingine za silinda moja za muundo wa zamani, tafadhali someni hili kabla hamjamtumia mtu pesa ya stata, ile mota ya umeme inayoizungusha injini iwake.

Kuna muuzaji wa spea anayejitangaza mtandaoni kwamba yuko Kampala. Kati ya wateja walioniletea mizigo yake hapa Tororo, hakuna hata mmoja aliyewahi kulifikia duka lake. Anachukua stata iliyochoka, anaipulizia rangi nyeusi, anaifunga kwenye nailoni, anaitia kwenye boksi lisilo na namba ya spea na kuipakia kwenye basi. Pesa yote anaitaka kwa simu kabla mzigo haujaondoka. Ukilalamika, anasema fundi wako ndiye aliyeiunguza. Ukiendelea kulalamika, hakupokei tena.

Kinachowanasa watu ni video. Anaiweka stata mezani, anagusisha nyaya za betri, nayo inazunguka kwa kasi hadi mtu anaridhika. Jamani, video hiyo haithibitishi chochote. Stata isiyo na mzigo wa kusukuma inaweza kuzunguka hata kama kaboni zake, vile vipande vinavyoipitishia umeme sehemu inayozunguka, zimekaribia kwisha. Kazi yake halisi ni kuisukuma pistoni ivuke mgandamizo wa hewa kwenye silinda, na kwenye Bullet au Classic ya cc 500 hiyo ni pistoni moja yenye kipenyo cha milimita 84, haina mwenzake wa kuisaidia. Hapo ndipo stata mbovu inapokwama. Inaunguruma nusu mzunguko, taa zinafifia, basi.

Ya mwisho kunifikia ililetwa na mwalimu mmoja kutoka upande wa Mbale. Alikuwa amelipa shilingi 380,000, na stata ilikuwa bado ndani ya nailoni. Akaniambia, "Fundi, huyu bwana ameniapia haijawahi kufungwa kwenye pikipiki yoyote." Nikamwomba ruhusa, nikaifungua mbele yake. Vichwa vya zile skrubu mbili ndefu vilikuwa vimeliwa na bisibisi, na rangi imeingia ndani ya mikwaruzo. Meno ya gia yake yaling'aa upande mmoja tu, ule unaosukuma. Nilipotoa kifuniko cha nyuma, vumbi jeusi la kaboni lilimwagika kwenye kitambaa. Kaboni moja ilikuwa imebaki kipande kifupi ambacho springi haiwezi tena kukikandamiza vizuri, na ile shaba inayosuguliwa na kaboni ilikuwa na mfereji ambao ukipitisha ukucha unakwama. Hiyo ndiyo stata ambayo haijawahi kufungwa!

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwalimu hakuhitaji stata. Ile yake ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Alikuwa amemrekodia muuzaji sauti ya pikipiki, akajibiwa papo hapo, "Stata imekufa, mzee, tuma pesa nikupakilie leo." Na sauti yenyewe ilikuwa ya stata inayozunguka vizuri huku injini imetulia tuli. Fundi yeyote wa pikipiki hizi akiisikia sauti hiyo anajua pa kuangalia kwanza: klachi ya stata, ile wanayoiita wanwei, iliyoko ndani ya kava la kushoto la injini. Stata inafanya kazi yake lakini klachi haishiki, kwa hiyo nguvu haiifikii injini. Ukifunga stata mpya kumi juu ya klachi iliyokufa, pikipiki haitawaka.

Tena klachi hiyo mara nyingi huuawa na betri dhaifu. Betri ikiwa chini, injini inazungushwa polepole, cheche inapiga kabla pistoni haijavuka juu, na mlipuko unairudisha nyuma kwa nguvu. Kishindo chote kinaishia kwenye klachi. Utasikia "kang!" ya chuma upande wa kushoto. Ukiisikia, acha kubonyeza kitufe. Piga kiki kama pikipiki yako inayo, kisha uitafutie betri dawa. Classic 350 iliyotoka 2021 haina kiki kabisa, na wenye hizo ndio wanaokamatwa kirahisi, kwa sababu pikipiki imewalalia njiani na wanataka msaada wa haraka.

Kwa hiyo anza na betri. Ikiwa imejaa na imetulia, inasoma volti 12.6 hivi. Mtu abonyeze kitufe huku wewe unaangalia mita: ikiporomoka chini ya 9.6 hivi, shughulika na betri na nyaya zake kabla ya kitu kingine. Ukisikia "tik-tik-tik" tu, shuku betri, vichwa vya nyaya vilivyolegea au kuota kutu, au rilei, ile swichi inayopeleka umeme kwenye stata. Usisahau waya wa hasi pale unapofungwa kwenye chuma, maana mvua zetu hupaharibu sana. Kama hakuna sauti yoyote, angalia fyuzi, kitufe chenyewe, na swichi za mkono wa klachi na za stendi ya pembeni. Vitu hivi vidogo vimewafanya watu wengi wanunue stata bure.

Hata stata ikiwa ndiyo mbovu, mwambie fundi aifungue kwanza. Kama zilizokwisha ni kaboni tu na shaba bado ni laini bila mfereji, kaboni mpya zinatosha, tena kwa pesa ndogo sana kuliko stata nzima.

Jambo jingine la huyu muuzaji: anakuomba umrudishie stata ya zamani kwa basi, akupunguzie bei ya mzigo ujao. Msimpe. Mimi naamini ndizo hizo anazozipaka rangi na kumpelekea mwenzako.

Ukilazimika kununua, nunua kwa mtu mwenye duka unaloweza kurudi, anayekubali uifunge na uiwashe injini ikiwa baridi kabla hujamaliza kulipa. Risiti iandikwe neno "mpya" pamoja na namba ya spea. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa inataka kitu kilingane na maelezo yaliyotumika kukiuza, na neno hilo kwenye risiti ndilo litakalokusaidia.

Waliokwisha kumlipa, msifute meseji za malipo, rekodi za sauti wala ile video. Pigeni picha skrubu na meno ya gia kabla fundi hajagusa kitu, halafu nendeni polisi na boksi lenyewe. Na asirudishiwe stata hata moja kabla pesa haijaingia kwenye simu yako.