Kumiliki Land Cruiser Cygnus Iliyotumika: Uzoefu Wangu

Kwa lugha ya mitaani gari hili ni shangingi, na wengi wanaoniuliza habari zake huanza na bei, ambayo kwa gari la hadhi hiyo huonekana ndogo mno. Mimi nimelimiliki kwa miaka kadhaa nikiwa mkazi wa Iringa, nikilitumia kwa safari za kikazi za Dar es Salaam na katika barabara ya vumbi ya kuelekea Ruaha. Maoni yangu ni kwamba injini, giaboksi na chesi vinastahili sifa zote vinazopewa, ilhali vile vilivyoongezwa ili gari liitwe la kifahari ndivyo vinavyoamua kama mnunuzi atalifurahia au atalijutia.

Cygnus ni jina ambalo Toyota ililitumia Japani, kuanzia 1998 hadi 2007, kwa gari ambalo kwingineko liliuzwa kama Lexus LX 470, kwa kuwa chapa ya Lexus haikuanza kuuzwa Japani hadi 2005. Ukiondoa ngozi, mbao za dashibodi na sura ya mbele, unachobaki nacho ni Land Cruiser 100: injini ya petroli ya V8 ya lita 4.7, yaani 2UZ-FE, magurudumu manne yanayovuta muda wote, gia nzito za matope na miinuko, na difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inayoweza kufungwa. Langu ni la 2003 na lina giaboksi otomatiki ya gia tano. Yale ya miaka ya mwanzo yana gia nne, ambazo ni imara vilevile lakini hunguruma zaidi katika mwendo wa barabara kuu.

Sikuliagiza kutoka Japani. Kwa gari lenye umri huu, ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, pamoja na ushuru wa bidhaa unaopanda kwa sababu ya ukubwa wa injini na uchakavu, huifanya bei ya mnada iwe sehemu ndogo tu ya hesabu. Nilitafuta gari ambalo tayari lilikuwa nchini, likiwa mikononi mwa mmiliki wa kwanza wa Tanzania, na nikashikilia nionyeshwe karatasi ya mnada wa Japani, yaani ripoti ya hali ya gari na kilomita zake lilipouzwa huko, pamoja na risiti za gereji. Namba inayosomeka kwenye dashibodi haina thamani kwangu bila karatasi hizo, kwa maana kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya dakika chache. Karatasi pia huonyesha kutu, na magari yaliyoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huweza kuwa na chesi iliyoliwa chini huku rangi ya juu ikimeremeta.

Katika ukaguzi nilianza na mfumo wa haidroliki unaobeba gari, unaojulikana kwa herufi AHC, kabla hata ya kufungua injini. Mahali pa shokomzoba za kawaida, kila gurudumu lina silinda ya mafuta iliyounganishwa na tufe la chuma lenye gesi ya naitrojeni nyuma ya kiwambo cha mpira. Pampu husukuma mafuta ili kuinua au kushusha gari, na gesi ndiyo inayolainisha mwendo. Miaka inavyopita gesi hupenya kidogo kidogo kwenye kiwambo, tufe huwa gumu, na gari lililonunuliwa kwa ajili ya starehe huanza kudunda kuliko Hilux isiyo na mzigo.

Kipimo chake hakihitaji kompyuta, na ninashangaa kwamba wanunuzi wengi hawakifahamu. Gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa inafanya kazi, unalishusha hadi kimo cha chini kabisa na kusoma kiwango cha mafuta kwenye chupa yenye mistari, kisha unalipandisha hadi kimo cha juu na kusoma tena. Matufe mapya hutoa tofauti ya mistari 14 hivi. Tofauti ikiwa 7 au pungufu, yamekwisha. Gari langu lilisoma kati ya viwango hivyo viwili, na muuzaji, ambaye alikuwa hajawahi kuona mtu akifanya kipimo hicho, alikubali kupunguza bei.

Jambo jingine lisilojulikana sana ni kwamba haidroliki haibebi uzito peke yake. Mbele kuna vyuma vinavyojisokota na nyuma kuna springi, na springi hizo zikilegea kwa miaka ya mizigo, shinikizo huhamia kwenye mafuta na matufe hufa mapema. Kwa hiyo nilianza kwa kubadilisha springi za nyuma, fundi akakaza vyuma vya mbele hadi shinikizo likashuka kufikia kiwango kinachotakiwa, ndipo tukamwaga mafuta ya zamani, yaliyokuwa meusi, na kuweka mafuta maalumu ya AHC badala ya yale ya pawa stelingi ambayo baadhi ya gereji huyajaza kwa kuwa yanapatikana kila duka. Mwendo ulibadilika siku hiyohiyo bila kununua tufe hata moja.

Mafundi wengi watakupa ushauri mfupi zaidi. Wa kwangu wa kwanza aliniambia, "Mzee, toa huu mfumo wote, tufunge springi na shokomzoba za VX, ulale usingizi." VX hapa ni Land Cruiser 100 yenye springi na shokomzoba za kawaida. Ushauri huo una mantiki kwa mtu anayeishi mbali na fundi anayeielewa AHC, na gari lililobadilishwa kwa utaratibu mzuri hutembea vizuri. Ninachokipinga ni kuuziwa gari la namna hiyo kwa bei ya gari zima, huku taa ya tahadhari ikiwa imezibwa kwa utepe nyuma ya dashibodi.

Kwa upande wa injini, nilibadilisha mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji na roli zake mara baada ya kununua, kwa kuwa hapakuwa na risiti ya kazi hiyo. Muda wake ni kilomita 150,000 hivi, na mimi nisingesubiri zifike. Kuna pia viungo vya plastiki vyenye umbo la herufi T, vilivyofichika nyuma ya injini, vinavyopeleka maji kwenye hita ya nyuma, ile ambayo Dar es Salaam hakuna anayeiwasha ingawa Makete mwezi wa Julai ina kazi. Plastiki hiyo huzeeka kwa joto na ikivunjika njiani maji yote humwagika, injini ikachemka. Vyangu vilimeguka mkononi mwa fundi alipovigusa, na vipya ni vya bei ndogo mno kulinganisha na gasketi ya kichwa cha injini. Starta nayo imewekwa katikati ya V, chini ya manifoldi ya hewa, hivyo ikifa gharama kubwa ni ya ufundi wa kuifikia.

Breki ninazisifu, na mteremko wa Kitonga ni mahali pazuri pa kuzihukumu kwa gari linalokaribia tani mbili na nusu. Hata hivyo, zinategemea pampu ya umeme, na wakati wa ukaguzi nilikanyaga pedali mara nyingi injini ikiwa imezimwa, kisha nikafungua swichi na kusikiliza pampu inachukua muda gani kunyamaza. Ikiendelea kuvuma bila kikomo, acha gari hilo au omba punguzo kubwa, kwani kifaa hicho kizima ni ghali.

Mafuta ni mengi. Ninapata kilomita 5 hadi 6 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 96 hunifikisha Iringa kutoka Dar es Salaam, umbali wa karibu kilomita 500, bila akiba ya maana. Anayeogopa hesabu hiyo atafute VX ya dizeli yenye injini ya 1HD-FTE, ambayo ni adimu na wenye nayo hawaiachii kirahisi.

Spea za kawaida hupatikana Gerezani, Kariakoo, kwa sababu nyingi ni zilezile za VX 100. Za haidroliki huagizwa Dubai, ambako LX 470 zimejaa. Matengenezo ya miezi ya mwanzo yalinigharimu karibu robo ya bei ya kununulia, nami nilikuwa nimeitenga fedha hiyo kabla ya kukubaliana na muuzaji. Tangu hapo ninalipia oili, filta, grisi ya propela na pedi za breki. Matufe ya nyuma ndiyo yanayofuata, na nimekwisha kuyaagiza.