Uzoefu wangu na seti ya kalibu za .308 Winchester: bolti ilipogoma kufunga

Seti hii ni ya kujaza upya maganda yaliyokwisha pigwa ya .308 Winchester, aina ya risasi ya bunduki. Ina kalibu mbili, moja ya kurudisha ganda kwenye umbo lake na nyingine ya kupachika kichwa cha risasi. Naipa nyota nne kati ya tano. Chuma ni kizuri, ndani kumeng'arishwa, maganda yanatoka bila mikwaruzo. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya karatasi ya maelekezo, na hapo ndipo nitakaa sana, maana wapo wanaorudisha kalibu dukani wakidhani ni mbovu kumbe hazina kosa.

Mimi niko Texas, ambako sheria inamruhusu mwenye bunduki kujaza upya maganda nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Ndugu zangu wa Kenya na Tanzania wajue kwamba huko kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Bunduki yangu ni ya bolti, yaani komeo la chuma linalofunga chemba ya risasi kwa mkono, naitumia kuwindia nguruwe pori.

Karatasi inasema upandishe hadi mwisho pistoni ya presi (mashine ya mkono inayosukuma ganda ndani ya kalibu), uteremshe kalibu mpaka iguse kishika ganda, kisha uongeze kidogo na kukaza nati. Nilifuata neno kwa neno. Maganda yakatoka yanapendeza, ila mkono wa bolti ukawa unashuka nusu na kukaza. La kushangaza, maganda hayohayo kabla hayajapita kwenye kalibu yalikuwa yanaingia bila taabu.

Nilipopima kwa kalipa yenye kipimo cha bega, yaani pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni, jibu likaonekana. Ganda lililotoka kwenye bunduki lilisoma inchi 1.629 kutoka kitako hadi begani. Baada ya kalibu likasoma 1.632. Lilikuwa limerefuka! Kalibu inapoanza kubana ubavu wa ganda, shaba inatafuta pa kwenda, na bega linasukumwa mbele. Kalibu isipoteremshwa vya kutosha bega lake likutane na bega la ganda, bega la ganda linabaki hukohuko mbele. Basi ganda lililobanwa nusunusu ni baya kuliko ambalo halijaguswa.

Lakini si kalibu ilikuwa inagusa kishika ganda? Ilikuwa inagusa presi ikiwa tupu. Weka ganda ndani, vuta mkono hadi chini, kisha mulika kurunzi kwa nyuma: kwangu mwanga ulipenya kati ya kalibu na kishika ganda. Presi inajipinda kidogo inapobeba mzigo, na pengo hilo jembamba ndilo lililonikwamisha.

Sasa tazameni hilo neno "kidogo". Kalibu nyingi zina hesi 14 kwa inchi, kwa hiyo robo mzunguko ni takriban inchi 0.018. Kwa bunduki ya bolti tunataka bega lirudi nyuma inchi 0.001 au 0.002 tu kutoka lilipokuwa ganda lilipotoka kwenye chemba. Inchi 0.002 ni nyuzi 10 za mzunguko, pungufu kidogo ya dakika mbili kwenye uso wa saa. Nilichora mstari wa wino kwenye kalibu na mwingine kwenye presi, nikawa nateremsha upana wa mstari, nabana ganda, napima. Ganda liliposoma 1.627, nililiweka chembani, na mkono wa bolti niliyoivua pini ya kufyatulia na springi ya kurushia maganda ukaanguka kwa uzito wake wenyewe. Hapo nikakaza nati, kisha nikapima ganda jingine, kwa sababu nati nayo huvuta kalibu ikikazwa.

Tafadhali msiteremshe mno kwa kutafuta urahisi. Bega likirudi nyuma kupita kiasi, ganda linanyooshwa kila linapopigwa, ukuta unakonda juu kidogo ya kitako, na mwisho linakatika ndani ya chemba, gesi ikamrudia mpigaji usoni. Mimi nakagua kwa waya mwembamba uliopindwa ncha: nauingiza hadi chini na kuuvuta juu ukikwaruza ukuta. Ukinasa kwenye mfereji, ganda hilo linatupwa.

Ukiona vipimo vinayumba ingawa kalibu haijasogea, sikiliza presi wakati wa kupandisha mkono. Mlio mkali ni gololi ya kupanulia shingo, iliyo ndani ya kalibu, inayopita kwenye shingo kavu, inavuta bega mbele tena. Paka nta kidogo ndani ya shingo. Nje nako usizidishe, mafuta yakijaa begani yanaacha vibonyeo. Maganda yaliyotumika mara nyingi nayo huwa magumu na kujirudisha, hivyo nayatenga kulingana na yametumika mara ngapi.

Kalibu ya kupachika kichwa ina mtego wake mmoja. Ganda tupu likiingia vizuri, lakini lenye kichwa likagoma (jaribu bila baruti wala fataki, yaani kiwashio cha kwenye kitako), kalibu imeteremshwa mno na ule ukingo wake wa kubania shingo umevimbisha bega. Ipandishe mzunguko mmoja mzima, kisha urekebishe kina kwa skrubu ya juu.

Kama utainunua seti hii, tenga pia fedha za kipimo cha bega. Bila hicho, usijaze.